Siki ya Mama Pasca

Ocokoru alikuwa na kazi ambayo nusu ya wanaume wa Arua waliitamani: kunywa pombe mchana kweupe, kisha kulipwa kwa kusimulia ilivyokuwa. Kila Jumamosi alitaja kilabu kimoja redioni, akakisifu au akakiponda, na watu wakaenda au wakahama. Juma hilo ilikuwa zamu ya kilabu cha Mama Pasca, mtaani Onduparaka, kilichofunguliwa na mama mkwe wa mama huyo kabla Ocokoru hajazaliwa. Marehemu baba yake, kila alipoonja kwete, ile pombe ya mahindi, mahali pengine, alisema ni nzuri, lakini si ya Onduparaka. Basi Ocokoru alifika na kiu yake na, tuseme ukweli, alikuwa ameshaandika sifa nusu ukurasa kabla ya kushuka kwenye boda.

Mahali penyewe palimkosha. Ukuta wa udongo ulikuwa umesiribwa upya, mabenchi yalikuwa yamelainishwa na makalio ya miaka sitini, na wazee saba walikuwa wakibishana juu ya penalti ya Jumapili kana kwamba refa angewasikia abadili mawazo. Walimsogezea nafasi hata bila kumuuliza jina. Hapakuwa na muziki wa kupasua masikio. Ila hapakuwa pia na mnywaji hata mmoja wa chini ya miaka hamsini, na mtaa wenyewe umejaa vijana. Hilo lilimtia wasiwasi kidogo.

Mama Pasca, Mkakwa wa Kuluba aliyeolewa hapo tangu usichana wake, alileta kibuyu mwenyewe. Mkaza mwanawe, Driciru, alimfuata na mtungi. Kwa desturi ya huko mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni. Akishasema imeiva, basi imeiva, na kumbishia ni sawa na kumwita mchawi. Mama Pasca akapiga funda, akatulia, akamtupia jicho mzee Alionzi, mwanajeshi mstaafu aliyekaa karibu na mlango. Alionzi akatabasamu.

"Iko tayari," alisema Mama Pasca.

Ocokoru akanywa. Lo, ilikuwa siki tupu! Kwete ina uchachu wake mdogo unaofuata nyuma ya utamu, lakini hii haikuwa na utamu wowote wa kufuatwa. Machozi yalimlengalenga. Aliwatazama wazee: walikuwa wanakunywa na kusifu, wengine wanaomba kuongezwa.

Alisingizia kwenda haja, akamvuta Alionzi nyuma ya nyumba.

"Mzee, pombe hii imeharibika."

"Sisi yote tunajua," Alionzi alijibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Homa ya mwaka juzi ilikula ulimi yake. Chumvi, sukari, yeye hapana sikia. Lakini yeye naonja, nasema iko tayari. Nani ataambia mama hapana? Vijana walikimbia. Sisi tulibaki."

"Na redioni nikasemeje?"

"Sema benchi iko muzuri."

Ocokoru alitaka kucheka, akashindwa. Aliwapenda wazee wale, na papo hapo akawakasirikia. Akisifu, watu watakuja Jumapili, watatema na hawatarudi tena. Akiponda, mama wa watu atayasikia hayo pamoja na Arua nzima. Kwa vyovyote kilabu kitakufa, na hawa waliokuwa wakikifia kwa mapenzi ndio waliokuwa wakikizika. Akaona heri aaibike yeye.

Alirudi ndani, akachuchumaa mbele ya Mama Pasca.

"Mama, nisamehe. Pombe hii imepitiliza. Ni siki."

Ubishi wa penalti ulikatika. Mzee mmoja alimwambia achunge mdomo wake. Mama Pasca aliweka kibuyu chini taratibu.

"Miaka mbili," alisema, na hakuwa akimtazama Ocokoru. "Miaka mbili mimi naonja na macho. Naangalia sura yenu, nyinyi nacheka, mimi nasema iko tayari. Ulimi yangu ilikufa, sawa. Lakini nyinyi mulizika mimi yote. Mutu akikufa ndio watu nasema muzuri yake tu. Mimi iko hapa."

Alionzi aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika.

Mama Pasca aliinuka, akaenda kwenye mtungi wa pili uliokuwa ukichacha pembeni, akachota. Kisha akamnyooshea Driciru kibuyu kwa mikono miwili. Driciru alirudi nyuma hatua moja. Miaka yote alikuwa akisaga kimea, akichota maji na kuchochea moto, lakini kuonja kwanza hakukuwa kwake maadamu mama mkwe yu hai.

"Mama, hiyo ni kazi yako."

"Onja, mwanangu."

Driciru akapiga funda. Wazee wote walimkodolea macho usoni. Mama Pasca peke yake hakumtazama. Alifumba macho, akangoja kusikia.

"Bado, mama," Driciru alisema kwa sauti ndogo. "Mpaka kesho."

Mama Pasca akashusha pumzi, akawageukia wazee.

"Mumesikia mwenye pombe," alisema. "Kuja kesho."