Ndunda wa Kesho

Kiwanda cha mabati kule Mavoko kilipopunguza wafanyakazi, Ndunda alirudi kwao Masii na godoro, redio na maneno mengi. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa stoo, na kila aliyemsalimia sokoni alimwambia kwamba kupata kazi nyingine ni jambo la siku chache tu, watu wa stoo wanatafutwa kila mahali. Watu wakaitikia, "Ni sawa," kwa ile sauti ya kumwachia mtu aongee.

Tuseme ukweli, alianza vizuri. Siku za kwanza aliamka mapema, akavaa shati la kazi, akapanda juu ya kichuguu kilichoko mwisho wa shamba. Hapo pekee ndipo simu hushika mtandao. Akatuma maombi ya kazi akiwa amesimama juu ya mchwa. Majibu hayakuja. Kisha moja likaja, likasema samahani. Baada ya hilo samahani Ndunda akaanza kuwa na sababu za ajabu. Leo simu haina chaji. Leo kichuguuni kuna upepo. Leo ni Ijumaa, na nani anasoma barua ya kuomba kazi Ijumaa? Ukimuuliza atatuma lini, alikuwa na jibu moja: "Kesho." Halafu anajifunika blanketi, kuku wa mkewe wanaingia na kutoka chumbani wakimruka.

Usidhani alikuwa mvivu. Alikuwa anaogopa, basi. Umri umepita arobaini, na kila akishika simu analiona lile samahani likimtazama. Lakini mwanamume wa huku hawezi kukuambia anaogopa, hata umkamue. Atakuambia kesho.

Mkewe, Wavinya, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Sasa huyu Wavinya alikuwa mwanachama wa mwethya, yaani kile kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu: leo wote wako kwako na majembe, siku nyingine wako kwa mwingine, na ukikosa kwenda kwa wenzako usitarajie mtu kwako. Zamu yake ilikuwa imefika. Shamba lake liko mteremkoni, mitaro yake ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usishuke, imebomoka, na mvua ya Novemba ikilikuta hivyo, udongo wote mzuri unashuka kwa jirani wa chini, ambaye hata salamu hatoi. Wavinya aliingojea zamu hiyo mwaka mzima. Ikafika, na yeye akaitoa.

Asubuhi hiyo Ndunda alisikia miguu mingi uani. Akachungulia. Mwethya mzima umesimama mlangoni, majembe mabegani.

"Karibuni," akasema, akijifunga suruali vizuri. "Shamba ni lile pale."

"Shamba tumeliona," akajibu Loise, mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kusimamisha lori. "Leo hatuchimbi shamba. Bibi yako ametupatia zamu yake tukuchimbe wewe."

"Ati mnichimbe?"

"Wewe. Kaa chini."

Ndunda akakaa juu ya ndoo. Akamtafuta mkewe kwa macho, na Wavinya akajifanya anafukuza kuku.

"Sisi hatujui mambo ya kompyuta," Loise akaendelea. "Sisi tunajua jembe. Na jembe ni hivi: mtu akiwa peke yake analiegemea, akiangaliwa analiinua. Kwa hivyo kila siku ya mwethya utakuja na jembe lako kama mtu mwingine. Kabla tuanze, utasimama mbele yetu useme umefanya nini juu ya hiyo kazi. Ukiwa na la kusema, makofi. Ukikosa, tutakuimba."

Ndunda akacheka mpaka ndoo ikayumba. Kuimbwa! Alidhani angalau watamtoza faini ya jogoo. Maskini, alikuwa amekaa Mavoko muda mrefu mno, akasahau mwethya ni nini. Hao kina mama wana wimbo wa mzee mmoja aliyejificha kivulini wenzake wakichimba, zamani hizo. Mzee alishakufa, watoto wake wakazeeka, na uvivu wake bado unaimbwa kila msimu.

Siku ya kwanza ya kutoa habari, Ndunda alisimama akajikohoza. Akasema jana alishinda mjini Tala, kwa watu wa hadiwea, wauza misumari na saruji, akizungusha barua kwa mkono, duka kwa duka, mpaka miguu ikavimba.

"Jana?" akauliza Mutuku, mwendesha boda ambaye pia ni mwanachama. "Ndunda, si jana ulikuwa kwa benchi yetu ya stejini ukicheza drafti? Ulinifunga mara mbili!"

Loise akaweka jembe chini polepole. Halafu akaanza, na wengine wakaitikia kana kwamba wimbo ulikuwa tumboni mwao tangu wiki iliyopita. Kwa Kikamba ni mtamu zaidi, unarukaruka, lakini maana yake ni hii:

Ndunda, barua iko wapi? Kesho!
Ndunda, shati liko wapi? Kesho!
Kuku wameshaenda kazini,
Ndunda yuko blanketini. Kesho!

Wakachimba nao mpaka saa ya uji. Ikifika ile "Kesho!" majembe yote yanashuka pamoja, na Ndunda yuko katikati, naye anashusha lake, atafanya nini?

Wee! Wimbo ule ulitembea kuliko boda. Watoto wa shule waliubeba. Stejini ukawa ndio salamu. Akienda kununua nyanya, mwenye nyanya anamuuliza, "Unachukua leo ama kesho?" Na Jumapili, haki ya Mungu, wakati wa sadaka mpiga kinanda akapiga kitu ambacho kila mtu alikitambua, na kanisa zima likapeleka sadaka mabega yakitikisika. Ndunda peke yake alibaki kwenye benchi akisoma tangazo la maji lililobandikwa ukutani.

Hasira ndiyo iliyomwamsha. Alfajiri ya Jumatatu alikuwa juu ya kichuguu, upepo au hakuna upepo. Akatuma maombi kwa wenye matangi ya maji, kwa wenye unga, kwa hospitali, hata kwa shule iliyotaka mwalimu wa muziki, kwa sababu kufikia hapo alijiona anaujua muziki vya kutosha. Samahani zikaja, akazijibu "asante" kwa ukali. Siku za mwethya alifika kabla ya Loise, akatoa habari zake akiwa ametuna kifua, akapata makofi. Tena akaanza kuyapenda makofi yale, ingawa hangekubali.

Ndipo akaitwa kwa mahojiano, kiwanda cha chakula cha kuku, mjini Machakos. Kazi ya stoo.

Asubuhi ya mahojiano mawingu yalikuwa yamejaa mpaka yanakaa kwa miti. Wavinya alikuwa akimpigia shati pasi, lakini macho yako mlangoni, kwenye mteremko. Ndunda akayafuata macho yale, akaiona mitaro iliyobomoka, na moyo ukamuuma sana. Huyu mwanamke alimpa shamba lake, na yeye alikuwa amelilalia chini ya blanketi.

"Mama Mwende," akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "na hii mvua?"

"Enda. Zamu nilishaitoa. Nikikuona umerudi kabla ya kuongea na hao watu, nitaimba mimi mwenyewe."

Kule kiwandani walimkalisha mbele ya watu wawili. Mmoja ni Madam Linet, meneja, mama wa mjini anayeuliza maswali bila kupepesa. Mwingine ni Bwana Mutunga, mzee wa mambo ya wafanyakazi, mtu wa upande wa Mwala. Mambo yakaenda vizuri mpaka swali la udhaifu.

"Udhaifu wako ni gani?"

Ndunda alikuwa amejitayarisha. "Udhaifu wangu, Madam, ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi."

Bwana Mutunga akaanza kuguna. Haikuwa kuguna, alikuwa akiimba puani. Akakazia macho karatasi yenye jina, halafu akamkazia mtu. "Ebu ngoja. Ndunda wa Masii? Wewe ndio yule Ndunda wa Kesho?"

Ndunda akaiona kazi ikitoka mlangoni. Na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kupoteza, akasema yote: blanketi, kichuguu, drafti, uwongo wa Tala, zamu ya mkewe. "Niliogopa, Madam. Huo ndio udhaifu. Nikiwa peke yangu naogopa, nalala. Nikiwa na watu wa kuniuliza, naamka." Madam Linet akaomba kuusikia huo wimbo wenyewe. Basi Ndunda akasimama, tai shingoni, akaimba beti zote, Bwana Mutunga akiitikia na kupiga meza.

Madam alipomaliza kufuta machozi, akauliza, "Tukikupa kazi, unaweza kuanza lini?"

Mungu wangu! Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa limesimama kwenye ulimi. Ndunda akafungua mdomo, akafunga. Bwana Mutunga akainama mbele, anangoja. Radi ikalia kwa mbali.

"Leo siwezi," Ndunda akasema hatimaye. "Leo nachimbia bibi yangu mitaro. Lakini siku ile... siku inayofuata leo, hata saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa hapa."

Wakacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. "Tutakupigia," wakasema, na Ndunda akaondoka akijua maana ya tutakupigia.

Alishukia Masii, akakataa hata kubadilisha nguo. Wavinya alikuwa mteremkoni peke yake, anachimba. Ndunda akakunja suruali ya mahojiano, akaiweka simu juu ya kichuguu, akachukua jembe. Loise alipita barabarani, akaona mtu aliyevaa tai akirusha udongo juu, akasimama. Baada ya kitambo kidogo majembe yakaanza kuja, moja moja, bila zamu ya mtu. Safari hii hawakuimba. Walikuwa wanashindana na mawingu.

Mtaro wa mwisho ulikuwa umefika nusu simu ilipolia kichuguuni. Ndunda akakimbia, akajikwaa, akapanda. Wote wakasimama na majembe hewani. "Ndiyo Madam... Ndiyo... Asante Madam." Akashuka.

"Wanasemaje?" akauliza Wavinya.

"Wamenichukua."

"Unaanza lini?"

Ndunda akamtazama mkewe, akamtazama Loise, akatazama mwethya mzima uliokuwa umefungua midomo tayari.

"Kesho," akasema.

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeimba. Wavinya alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo, na tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye tai ya Ndunda.

"Haya basi, chimba," akasema Loise. "Huyu mtu ataamka mapema."