Viberiti Chini ya Viatu vya Osmín

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, mikate ya mwisho ikiwa inapoa rafuni, Nyenje alifika kwenye bekari ya kanisa kupima nafasi iliyokuwapo kati ya soli za Osmín Ayala na sakafu. Alitumia viberiti. Siku ya kwanza alikuwa na kiberiti kimoja mfukoni. Alikilaza chini ya kiatu, akaona nafasi bado ipo, akaazima vingine dukani. Tangu hapo hicho ndicho kikawa kipimo.

"Simama vizuri, ndugu," alisema, akipiga magoti. "Na usijinyooshe. Mimi si fundi nguo."

Vilipita vitano. Cha sita kilikwama. Nyenje alipiga simu gerezani, akasema "Vitano," akakata, akachukua mkate wa nanasi bila kuomba, akaondoka.

Katika mtaa ule wa San Salvador, genge lilikuwa na mlango mmoja wa kutokea ambao haukupitia makaburini, nao ulikuwa kanisa. Aliyetaka kuondoka aliomba ruhusa kwa Mkubwa, ambaye aliongoza mambo yote kwa simu kutoka kifungoni, na Mkubwa aliuliza swali moja tu: umeokoka, au umeogopa? Aliyeokoka aliachwa. Lakini aliangaliwa. Akionekana na bia, au akikosa ibada mara mbili, ilichukuliwa kwamba amemtumia Mungu kulidanganya genge, na kosa hilo lilikuwa na adhabu moja. Hakuna mtu mtaani aliyelinda utakatifu wa waumini kwa bidii kama wauaji.

Osmín alibatizwa mwezi Januari katika tangi la plastiki nyuma ya kanisa. Mchungaji Noemí alimzamisha, akamwinua, na Osmín hakushuka tena mpaka chini. Waumini waliimba ubeti uliobaki. Baadaye dada mmoja alimshauri asiharakishe kununua viatu vipya, kwa kuwa vile alivyovaa havitachakaa.

Kazini jambo hilo lilikuwa na usumbufu wake. Mtu asiyekanyaga sakafu hawezi kukanda unga. Akisukuma donge, donge humsukuma yeye. Delmy, msimamizi wa bekari, alimfunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kazi ikaendelea. Osmín alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Kwa miaka kumi na minne gengeni alikuwa amelala ameketi, mgongo ukutani. Sasa alilala chali. Kila alfajiri alipochomoa sinia ya kwanza aliitazama mikono yake, ambayo tatuu za genge ziliifunika hadi kwenye kucha, akaona kwamba hatimaye imepata kazi iliyoumbiwa. Alimshukuru Yesu kwa sauti, na Delmy aliitikia amina bila kuinua macho kwenye sukari.

Kisha Bi Licha akaanza kuja siku za Jumamosi.

Bi Licha alikuwa mshona mapazia, mjane, na mwanawe Elmer alitoweka Jumamosi moja miaka mitatu iliyopita, alipokuwa akitoka kazini. Alinunua mikate miwili, akangoja wateja wengine watoke, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:

"Mungu akubariki, ndugu Osmín. Wewe ulikuwa nao. Mwanangu yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Haya. Nitarudi."

Alhamisi iliyofuata Nyenje alipitisha viberiti vinne. Alirudia mara mbili, kisha akabadilisha kiatu.

"Umekunywa?"

"Maji."

"Mwanamke?"

"Hapana."

Nyenje alikusanya viberiti vyake. Walikuwa wameingia gengeni mwaka mmoja, na zamani walikula sahani moja. "Kaka, usinitie kwenye matatizo," alisema. "Mimi hutaja namba tu. Namba ikiwa sifuri, unajua nitatumwa nini."

Jumamosi Bi Licha aliuliza tena, na Osmín alijibu vilevile. Safari hii alisikia mwili wake ukishuka, taratibu, kama mkate uliofunguliwa tanuri kabla ya wakati. Alhamisi vilikuwa vitatu. Wiki iliyofuata viwili.

"We Osmín, mbona unakuwa mfupi?" aliuliza Delmy, akilegeza kamba. "Ukiendelea hivi nitakupa ufagio, maana sakafu utaifikia." Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Funga na uombe. Au fanya hilo unaloliogopa. Mojawapo."

Osmín alifunga siku tatu. Hakupanda hata unene wa njiti. Ijumaa mchana alimwendea Mchungaji Noemí, ambaye alikuwa akipanga viti vya plastiki kanisani.

"Mchungaji, mimi najua yuko wapi."

Mchungaji hakuuliza nani. Alipanga safu nzima kabla ya kujibu. "Nikikuambia useme, watakuua kwa kuvunja kimya. Nikikuambia unyamaze, utagusa sakafu, watakuua kwa uongo. Sasa unataka nikuambie nini, mwanangu?"

"Kweli."

"Kweli ni kwamba nilikuzamisha mwili mzima. Ulimi ukabaki nje ya maji." Aliketi. "Na kweli nyingine ni kwamba naogopa. Nimeshazika wanne niliowabatiza. Mahubiri ya msiba wako sijayaandaa, na sitaki kuyaandaa."

Waliomba pamoja. Maombi yalikuwa mafupi, kwa sababu wote wawili walijua jibu.

Jumamosi Bi Licha alinunua mikate miwili na kungoja wateja watoke. Osmín alikuwa ameshafungua kamba mezani. Delmy alitaka kuingia stoo, akabaki.

"Ndugu Osmín, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko uwanja wa mpira, mama. Chini ya goli la upande wa mto. Mvua ilikuwa inanyesha. Waliniambia nichimbe, nikachimba. Nilimfukia mwenyewe."

Bi Licha aliweka mikate juu ya kaunta, akainyoosha ikae sambamba.

"Ulikuwepo walipomuua?"

"Nilikuwepo."

"Alisema kitu?"

"Alikuita."

Bi Licha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo cha pazia alichokuwa amekikadiria tayari. "Alikuwa amevaa viatu?"

"Kimoja, mama."

"Kingine ninacho mimi," alisema. "Nilikiokota njiani."

Alichukua mikate yake akatoka. Hakusema kwamba amemsamehe, wala Osmín hakuomba. Osmín alijifunga kamba tena, akarudi kwenye unga. Delmy ndiye aliyegundua kwamba kamba imekaza. Mtu aliyefungwa tena mezani alikuwa anapanda, na kikombe cha unga kilichokuwa karibu na kiwiko chake sasa kilikuwa karibu na nyonga.

Mchana huohuo Bi Licha alikwenda uwanjani na koleo. Walinzi wa genge walimnyang'anya koleo, wakamsindikiza mpaka nyumbani, wakamwita mama njia nzima. Kwa hiyo ilipofika Alhamisi hapakuwa na mtu mtaani asiyejua nani amesema. Mchungaji Noemí alikuja mapema na kuketi karibu na tanuri, Biblia mapajani. Delmy hakumpangia Osmín kazi yoyote. Osmín alikanda hata hivyo. Alisema kwamba unga hauna kosa.

Nyenje alikuja saa nne na watu wawili. Aliweka bastola juu ya meza, kati ya siagi na mayai.

"Kaka, nilikuambia nini mimi?"

"Uliniambia nisikutie kwenye matatizo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nisamehe, Nyenje. Yule ni mama yake."

"Kila mtu ana mama!" alifoka Nyenje. "Ukianza na mama mmoja unamalizia wapi?" Alipiga magoti. Viberiti vilimwanguka mara mbili. Vilipita vitano. Vilipita vinane. Alimtuma mmoja dukani kununua vingine, na wote walingoja, Osmín akiwa ameshikilia kamba ili asiyumbe. Mgeni aliyebaki aliuliza kama ile mikate ya mdalasini ni ya leo. Delmy alisema ni ya leo, wala hakumpa.

Vilipita kumi na kimoja.

Nyenje alipiga simu. "Kumi na kimoja," alisema. Alisikiliza. "Ndiyo, Mkubwa, amesema. Ndiyo, mahali penyewe." Alisikiliza tena. "Kumi na kimoja, nimevipanga mwenyewe." Mchungaji Noemí alifungua Biblia pasipo kuchagua ukurasa.

Nyenje alikata simu na kuchukua bastola.

"Amesema wa Mungu ni wa Mungu," aliarifu. "Amesema pia uwanja ni wetu."

Akachukua mkate wa nanasi, akaurudisha, akaondoka.

Wiki iliyofuata uwanja ulimwagiwa saruji kutoka goli hadi goli. Saruji ilitolewa na meya, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu, na vijana wa genge walisaidia kuisawazisha. Polisi walipokea maelezo ya Bi Licha, wakamweleza kwamba mali ya umma haivunjwi kwa maneno ya mtu mmoja.

Osmín hakushuka tena. Jumamosi bekari ilianza kupata wateja wapya, wanawake kutoka mitaa ya mbali, kila mmoja akinunua mikate miwili na kungoja wengine watoke. Wawili aliwaambia mahali. Wengine wote aliwajibu, "Sijui, mama," na kwa kuwa ilikuwa kweli, hakupungua hata kiberiti kimoja. Waliketi naye hata hivyo, naye aliwaombea waliopotea kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kazi ambayo ilimalizika kwenye saa saba mchana. Nyenje aliendelea kuja Alhamisi.

Jumapili, baada ya ibada, Osmín humpelekea Bi Licha mkate uwanjani. Bi Licha huketi kwenye kiti chake cha kushonea, nyuma ya wavu wa goli la upande wa mto, kiatu kimoja cha mwanamume mapajani. Mechi huendelea. Mpira ukipita nje na kumgonga, mchezaji huja kuuchukua, husema samahani mama, na golikipa huuweka juu ya saruji na kuupiga mbali.