Laptop Zilizozaliwa Maabara

Jumanne, kipindi cha pili, mwalimu wa baiolojia aliweka laptop yake juu ya meza ya maabara, akachomeka chaja kwenye soketi pekee iliyokuwa nzima, akawaambia wanafunzi hamsini na wawili wa kidato cha pili wasogee. Wakasogea. Waliotangulia walipata skrini, waliofuata wakapata mabega ya wenzao.

"Mnaona nini?" aliuliza.

"Visogo, Madamu," alijibu msichana mmoja kutoka nyuma. Wenzake walimwita Twiga, na kwa urefu wake alizoea kuwekwa nyuma kila mahali, hata kwenye picha.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Laptop ile alipewa na dada yake aliyenunua mpya, na haikuwa na kitufe cha K kwa sababu mpwa wake alikibandua akiwa mchanga. Shule haikuwa na nyingine ya darasani. Siku hiyo aliamua kwamba kabla muhula haujaisha, kila mtoto ataishika kwa mikono yake mwenyewe, afungue picha za ncha ya mzizi wa kitunguu, ahesabu seli zinazogawanyika, na aandike alichokiona.

"Hamsini na wawili kwa laptop moja?" mwalimu wa hesabu alimuuliza ofisini. "Dada, utamaliza ukistaafu."

"Basi nitastaafu nimemaliza."

Alipanga zamu: asubuhi kabla ya kengele, mapumziko, na baada ya masomo. Siku ya nne ikafika zamu ya Twiga. Alihesabu kwa dakika ishirini bila kuinua kichwa, akaandika jibu lake, na hapo laptop ikapata joto, ikavimba upande mmoja, ikabonyea katikati, ikaachana. Zikawa mbili, zote za ukubwa ule ule, zote zimewaka.

"Umebonyeza nini?" mwalimu aliuliza.

"Sijabonyeza kitu, Madamu. Nimemaliza tu kuhesabu."

Mwalimu alitazama saa, akaandika muda ubaoni kama afanyavyo kwa jaribio lolote. Kisha akakagua kibodi ya ile mpya. Nayo haikuwa na K.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Twiga.

Wiki iliyofuata walishajua masharti yake. Laptop haikugawanyika kwa aliyenakili kwa jirani, wala kwa aliyebahatisha. Iligawanyika kwa aliyehesabu mwenyewe mpaka mwisho, hata kama jibu lilikuwa na kosa dogo. Wakapata nne, wakapata nane, na Ijumaa wakapata kumi na sita. Watu watatu watatu, wanne wanne, kila kundi na skrini yake. Fujo ikaisha maabara. Wavivu wawili waliokuwa wakijificha nyuma ya mabega hawakuwa tena na mabega ya kujifichia, nao wakaanza kuhesabu. Katika kazi zao waliandika "mgawanyio wa seli," na mwalimu hakumkata mtu maksi kwa K iliyokosekana.

Ijumaa hiyo hiyo mkuu wa shule alipita, akasimama mlangoni, akahesabu laptop kwa kidole.

"Mwalimu, hizi zina namba za shule?"

"Hazina, Mkuu. Ni zangu. Zimetokana na yangu."

"Yako ni moja. Hizi nyingine zimezaliwa ndani ya shule, saa za kazi, kwa umeme wa shule."

"Ndama ni wa mwenye ng'ombe, Mkuu."

"Ng'ombe akilishwa na mwenyewe," alisema mkuu, akamwita karani wa stoo.

Karani alikuja na kigari cha kubebea vitabu. Alikuwa mtu mpole, alimsalimia kila mwanafunzi huku akimnyang'anya laptop. Kumi na tano zikaenda kwenye utawala. Moja alipewa makamu, moja katibu muhtasari, nyingine mwenyekiti wa bodi. Nyingine zikatoka getini katika mifuko isiyosema imebeba nini. Huko zilikokwenda hazikugawanyika tena. Mkuu alimwita mwalimu kulalamika.

"Mbona hizi zimegoma kuzaa?"

"Huku kuna anayehesabu seli?"

Mkuu alisema hilo atalifikisha kwenye kikao.

Jumatatu darasa lilirudi kwenye laptop moja, na mwalimu akaomba ruhusa ya siku, akavaa viatu vyake vya safari, akaenda ofisi ya elimu. Alisubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Ofisa alimsikiliza vizuri, bila kushangaa, akifungua ukurasa wa kuandikia malalamiko. Alibonyeza, akabonyeza tena, akaguna.

"Mashine mpya hizi, mwalimu. Tumeletewa juzi. Nzuri, ila zinakula herufi."

Mwalimu akainama kuitazama skrini. Ilikuwa imeandikwa: *Malalamio ya mwalimu wa baiolojia.* Akatafuta K kwenye kibodi, haikuwepo.

"Basi itunze vizuri hiyo laptop," alisema. "Imetoka kwenye mikono ya watoto."

"Tutalifanyia kazi," alisema ofisa. Malalamiko hayakujibiwa.

Mwalimu hakuacha. Darasa nalo halikuacha. Vidole vilishazoea, wakawa wanatoka moja hadi nane kufikia Jumatano, na kumi na sita kufikia Alhamisi. Ijumaa saa nne karani alikuja na kigari chake na fomu iliyochapwa maalumu, yenye nafasi ya kujaza idadi ya zilizozaliwa na nafasi ya sahihi. Aliacha moja. Ikawa ndiyo ratiba.

Mwisho wa muhula tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maabara: *Kutokana na uhaba wa vifaa, kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa sayansi aje na laptop yake binafsi. Asiye nayo atakaa nje wakati wa vitendo.* Chini palikuwa na muhuri.

Twiga alilisoma mpaka mwisho. Mama yake alifua nguo za watu, na nyumbani kwao kitu pekee cha umeme kilikuwa taa.

"Madamu, mimi ni wa nje," alisema.

"Muhula ujao haujaanza," alisema mwalimu. "Na ukianza, nje nako kuna kivuli, tutatoa meza. Kina nani hawajamaliza?"

Mikono tisa ikainuka. Mwalimu alimpa laptop wa kwanza, mmoja wa wale wavivu wawili. Twiga alivuta stuli, akakaa kando yake ili amzuie asibahatishe.

"Moja," alisema yule mvivu, kidole kwenye skrini. "Mbili. Tatu."