Betri ya Sikio la Mama

Mara ya kwanza Mama kupasuliwa, miaka minne iliyopita, aliamka akaniita mwizi. Siku tisa nzima. Nikimletea uji, mwizi. Nikimwekea mto vizuri, mwizi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akawa anahamishia mkoba wake upande wa pili kila nikiingia wodini. Dada yangu alipata nafuu kidogo: yeye aliitwa muuguzi na kutumwa maji. Tulicheka kwenye korido, kisha tukalia kwenye korido ileile. Siku ya kumi Mama akarudi, ila hakurudi kamili. Majina mawili ya wajukuu yalibakia huko alikokuwa.

Kwa hiyo alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, sikuuliza kama atatembea. Nilimuuliza daktari wa usingizi jambo moja tu: "Ataamka akiwa yeye?"

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Siwezi kukuahidi. Umri wake, huko kuvunjika, na yaliyompata mara ile, vyote vinamweka hatarini."

"Si umchome ganzi ya mgongo tu, abaki macho?"

"Wengi tulidhani hilo ndilo jibu. Watu wakafanya utafiti, tena mkubwa, kwa wagonjwa wa nyonga kama yeye. Kuchanganyikiwa hakukupungua kama tulivyotarajia. Na yeye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mgongo wake siugusi. Nitampa usingizi kwa kipimo. Vidonge vya kumtuliza kabla ya hapo, hapana. Maji atakunywa mpaka zibaki saa mbili aingie, asikauke bure. Kinachobaki ni kazi yenu."

"Yetu?"

"Akifungua macho avae miwani yake, avae kifaa chake cha kusikia, aone uso anaoujua. Palepale, si jioni. Mzee akiamka mahali pageni, haoni, hasikii, akili inaanza kujitungia mambo yake."

Nikamwambia daktari asiwe na wasiwasi. Mimi ni fundi redio, bwana. Vitu vidogo ndivyo vinavyonilisha.

Asubuhi, mlangoni pa chumba cha upasuaji, Mama alivua miwani akampa dada, akavua kifaa cha sikio akanitilia kiganjani.

"Usinipotezee," akasema. "Hicho kina akili kukuzidi."

Wakamsukuma ndani. Tukakaa kwenye benchi. Mikono yangu haijui kukaa bure, ikahangaika na hiki na kile, na mguu wangu ukawa unacheza.

"Ukiutikisa huo mguu tena," dada akasema, "nao wakaufanyie upasuaji."

Baada ya saa mbili na nusu tukaitwa. Mama alikuwa amefungua macho. Dada akamvisha miwani, mimi nikampachika kifaa sikioni. Kila kitu kama tulivyoagizwa. Muuguzi akainama, barakoa usoni.

"Mama, unajua uko wapi?"

Mama akakunja uso.

"Mama, jina lako nani?"

Mama alimtazama kama mtu anavyotazama televisheni iliyokatwa sauti. Muuguzi akanielekezea kidole. "Huyu je?" Mama akaniangalia kwa muda mrefu, halafu akageuzia macho dirishani.

Dada akaanza kulia. Mimi nilikuwa tayari nahesabu: siku tisa, na safari hii majina mangapi?

Daktari wa usingizi akasogea. "Kifaa kinafanya kazi?"

"Kimo sikioni."

"Sikuuliza kimo wapi." Akalifunika sikio la Mama kwa kiganja. "Kikiwa kizima hupiga mluzi nikikiziba hivi. Hiki kimekufa."

"Nilitoa betri."

"Ulifanya nini?"

"Kitu kisichotumika hutolewa betri! Ikivuja inakula waya!" Miaka ishirini nimesugua matumbo ya redio yaliyooza kwa betri zilizosahaulika. Pale kwenye benchi mkono ulijifanyia wenyewe, wala haukuniomba ruhusa.

"Ningekuwa na kiatu mkononi," dada akasema huku akifuta machozi. "Iko wapi?"

"Kwenye kasha la miwani."

Akamwaga kikapu chake sakafuni: funguo, kanga, chupa ya chai, kitana, kasha. Betri yenyewe ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Mikono hii inayounga nyaya nyembamba kama unywele iliidondosha mara mbili. Hatimaye ikaingia. Daktari akaziba sikio, na mluzi mwembamba ukatoka.

Mama akapepesa macho.

"Mama, uko wapi?" muuguzi akarudia.

"Hospitali. Kwani wewe hujui?"

"Na huyu ni nani?"

Mama akanikazia macho. "Mwizi."

Dada akaangua kilio upya.

"Mwizi wa betri," akaendelea, sauti imemkwaruza. "Nawaona mnatafuna midomo kama mbuzi, nikajua tu, kitindamimba wangu keshanizima. Hata rimoti yangu kila nikiishika, tumbo tupu, betri hamna." Akamgeukia dada. "Na wewe unalia nini, nimekufa?"

Nikamwomba ataje wajukuu. Wawili hakuwapata, walewale wa zamani. Wengine wote walikuwepo, hadi mchanga aliyezaliwa mwezi uliopita.

"Msisherehekee bado," daktari akasema. "Siku mbili tatu hizi ndizo za kuangalia. Mchana awe karibu na dirisha, usiku alale, na mtu wake awe naye." Akachomoa kalamu moja, akaandika kwenye karatasi ya kitandani: *Fundi asiguse kifaa.*

Siku ya nne Mama alisimama, ameshikilia fremu ya kutembelea, akapiga hatua sita. Ya saba akaniita wodi nzima ikasikia: "We mwizi, niletee kiti!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwingine safari hii, akauvuta mkoba wake. Nikampungia mkono kwa furaha, nikakimbilia kiti.