Bunduki ya Mbweha wa Karibu

Usiku wa jana niliota bega langu la kulia limetangulia dukani kuchagua bunduki, likaniacha kitandani nikilitafuta chini ya mto.

Nieleze kwanza, maana bega halitoki nyumbani bila sababu. Kwetu Kilolo kuna mbweha ambaye mwaka huu amekula vitoto vyote vya mbuzi wetu. Amebaki mbuzi jike mmoja, tunamwita Sista, kwa sababu ana utepe mweupe wa manyoya kichwani kama kitambaa cha masista. Padri hajalifurahia jina hilo, hasa sasa ambapo Sista ana mimba. Mwanetu Fidelisi, anayeishi mjini, ameshatoa hukumu kwa simu: kizazi hiki nacho kikiliwa, shamba liuzwe, mimi na baba yake tukakae kwake ghorofani. Nimewahi kulala huko. Watu wanapishana kwenye ngazi kimya kimya kama wamegombana wote. Sitaki kwenda, na nikimfikiria Sista na tumbo lake nakosa hamu ya kula.

Kwa hiyo mume wangu Vitalisi akapanga kwamba leo asubuhi twende tukanunue bunduki. Kibali tunacho. Mlengaji ni mimi, kwa kuwa yeye ana mtoto wa jicho na mara mbili amemsalimia mnazi wa plastiki pale kwa daktari. Jana wakati wa chakula alinifundisha kanuni za bunduki ya wenzo, ile yenye kishikio chini: unakisukuma mbele, ganda linatoka, unakirudisha, risasi nyingine inaingia. Alitumia mwiko kunionyesha. Ugali ukapoa.

Katikati ya somo akapita jirani yetu Mzee Gama. Yeye ni Mngoni na sisi ni Wahehe, basi ni mtani wetu. Akachukua paja la kuku kwenye sahani ya Vitalisi, akasema mtu huyu hajawahi kulenga hata mdomo wake kwa kijiko, akaenda zake akitafuna. Tulicheka mpaka machozi. Mtani haulizwi.

Ndipo nikalala, na bega likaondoka.

Nalifuata pekupeku. Njia ya kwenda dukani inapita ndani ya kabati letu la vyombo, inakata kulia kwenye sufuria kubwa, na duka lenyewe liko kanisani, kwenye mabenchi ya kwaya. Bunduki zimekaa kwa safu, zimevaa sare. Muuzaji ni kiazi mviringo mwenye miwani.

"Karibu, mama," kiazi kinasema. "Bega lako limeshafika. Linajaribu."

"Halikuniaga."

"Mabega hayaagi. Umeshawapa pole hawa?"

"Pole ya nini?"

"Kanuni ya kwanza. Kila bunduki ichukulie kwamba ina risasi."

Nikatazama vizuri. Ni kweli, bunduki zote zilikuwa zimeshika matumbo kama wajawazito. Nikazipa pole moja moja. Ile ya mwisho iliniomba udongo wa kula, na nilipokosa ikaninunia.

Bega langu lilikuwa mbele kabisa, kwa bunduki ndefu kuliko zote. Ile ndefu ilitaka kunigeukia inisalimie, ikashindwa kwa sababu ya kuta. Ikabidi itoke nje kinyumenyume, izunguke kanisa, iingilie mlango wa sakristia.

"Shikamoo," ikasema, ikihema. "Mimi nampiga mbweha aliyeko Makambako."

"Wa kwetu yuko nyuma ya choo," nikasema.

"Hiyo ukiingia nayo kichakani," bega likanong'ona, "utatoka nayo Pasaka."

Tukasogea kwa bunduki nene. Iliniambia bila majivuno kwamba ukoo wao ni wa nyati. Ikakohoa kidogo, kwa adabu, imeweka mkono mdomoni, na ukuta wa upande wa wanaume ukaanguka.

"Mbweha nikimpiga mimi," ikasema, "huoni hata kilichokufanya umpige."

Ya tatu ilikuwa na darubini. Nikachungulia nimwone mbweha akiwa karibu. Nikaona unywele mmoja. Ulikuwa umechanwa vizuri. Nikautafuta mwili wake kila upande nikaishia kuona unywele mwingine, nao ukanitazama kwa dharau, nikaomba radhi na kurudisha darubini.

Halafu bega likanyamaza. Lilikuwa limefika kwa bunduki fupi, ya zamani, kitako chake cha mti kimeng'arishwa na viganja vya watu wengi, kishikio chake kama sikio la kikombe. Bega likajiegemeza pale na kusinzia.

"Tumepata," kiazi kikasema, na kwaya ikaitikia amina kwa sauti nne.

Nikaishika kishikio kama ninayempa mtu mkono. Nilifurahi mno. Nilijisikia mwepesi, na kweli miguu yangu haikuwa imegusa sakafu, ila hakuna aliyelitaja jambo hilo.

"Sharti moja," ile fupi ikasema. "Usiniishie katikati. Ukisukuma, sukuma mpaka mwisho. Ukirudisha, rudisha mpaka mwisho. Nusu nusu ndiyo inayokwamisha. Nimeishi kwenye nyumba za watu, nimeziona ndoa."

Risasi zikaja kupanga foleni, ziingie kwenye mrija ulio chini ya mtutu. Mojawapo ilikuwa na ncha kali na imevaa tai. Bunduki ikaizuia mlangoni.

"Humu tunakaa pua kwa kisogo," ikasema. "Wewe ukimdunga wa mbele yako, tunalipuka sote. Nenda kwa wale warefu."

Risasi ile ikaenda inalia. Zilizobaki zilikuwa butu na zenye malezi. Ziliingia zikisema samahani, samahani, naomba nipite.

Nikasukuma kishikio mpaka mwisho. Ganda likatoka, na kanisa nalo likatoka, likaanguka mbali kwenye nyasi. Nikajikuta uani kwetu, mchana kweupe, Sista yuko bandani anatafuna shati la Vitalisi. Kiazi kilikuwa kimenifuata. Kikanipa filimbi.

"Inalia kama sungura aliyeumia," kikasema. "Mbweha hawezi kuvumilia. Mwite."

Napuliza. Wa kwanza kuja ni sungura. Wanakuja wengi, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wamevua kofia.

"Tumesikia kilio," anasema mkubwa wao. "Nani ametutoka?"

"Hakuna. Ni filimbi."

Wanatazamana. Halafu wanakaa chini hivyo hivyo na kuuliza kama chai iko tayari, maana wametoka mbali.

Ndipo anakuja mbweha. Vitalisi alinionya: bunduki hii ni ya karibu, mwache asogee. Namwacha. Anasogea. Namwacha. Anasogea tena, mpaka sharubu zake zinaniingia sikioni.

"Hapa panatosha?" anauliza.

"Rudi kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo."

Akarudi mpaka kwenye kamba ya nguo, akasimama kati ya shuka na taulo, akanyoosha shingo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikaweka kitako begani. Bega likaamka. Nikalenga.

"Ngoja," bunduki ikasema. "Kanuni. Nyuma yake kuna nini?"

Nikachungulia. Nyuma ya mbweha alikuwapo Sista. Nikamwomba asogee, akasogea na shati lake. Nyuma ya Sista ilikuwapo nyumba yetu. Nikaiomba ipishe, ikapandisha kingo zake kama mwanamke anayevuka kijito, ikapisha. Nyuma ya nyumba alikuwapo Vitalisi ameshika mwiko. Nyuma ya Vitalisi lilikuwapo ghorofa la Fidelisi, na wapangaji wote madirishani, kimya. Nikaliambia lisogee mbali kadiri liwezavyo. Likaenda. Nyuma yake ikawa milima, nayo ikajikunja pembeni kama mikeka. Na nyuma ya milima, mbali, akaonekana mwanamke mwenye gauni la kulalia, amenipa mgongo, bunduki fupi begani.

"Yule ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe," bunduki ikasema. "Huku mambo yanazunguka. Samahani. Kanuni ni kanuni."

Niliogopa. Nilisikia baridi mgongoni, pale pale nilipokuwa nimepalenga. Nikashusha bunduki, nikakaa chini katikati ya sungura, nikalia kweli, bila filimbi. Kwa maana sasa Sista angeliwa pamoja na vilivyomo tumboni mwake, shamba lingeuzwa, na mimi ningezeeka kwenye ngazi za watu nisiojua majina yao. Sungura walifurahi kidogo kwamba hawakuja bure. Walinishika mikono wakasema pole, mama, pole sana.

Mbweha akatoka kwenye kamba ya nguo, akaja kukaa karibu nami. Alikuwa anaona haya.

"Mama Fideli," akasema, "hivi vita vyetu vilianza lini?"

"Tangu babu wa babu yangu."

"Na Wangoni, mlipigana nao?"

"Sana. Watu waliisha."

"Ikawaje?"

"Walichoka wote. Wakawa watani."

Mbweha akatazama miguu yake.

"Mimi nimechoka," akasema.

Sista aliacha kutafuna.

"Mtani haji usiku," nikamwambia hatimaye. "Anakuja mchana, mwenye mali anamwona, na anachukua kilicho sahanini. Hachukui kilicho tumboni."

"Nimekubali. Nyinyi mnaokula binamu zangu mbwa."

"Huo ni uongo wa siku zote."

"Najua. Lakini utani lazima uanzie mahali."

"Na wewe," nikasema nikifuta pua, "una masikio kama mtu aliyesikia umbea nusu, anangoja nusu nyingine."

Akacheka. Mimi nikacheka. Sungura wakacheka bila kujua kwa nini. Kiazi kilicheka mpaka miwani ikadondoka, na ile bunduki fupi ilicheka kwa kishikio chake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mwisho kila mara, ikazitema risasi zote. Zikasimama, zikajipangusa, zikaondoka kurudi kwao zikisema samahani, naomba nipite. Sikumbuki mara ya mwisho mbavu ziliniuma hivyo.

"Sasa tuchukuliane kitu kimoja kimoja," nikasema. "Naanza mimi. Nachukua usiku wako."

Mbweha akaacha kucheka.

"Usiku ndio nilio nao, mama."

"Na mimi Sista ndiye niliye naye."

Akafikiri sana. Kisha akauvua usiku shingoni, akaukunja, akanipa. Ulikuwa mzito kama blanketi lililonyeshewa. Nikaukalia ili asibadilishe mawazo.

Zamu yake ikafika. Akazunguka ua wote. Akampita Sista bila kumtazama, na nilimwona alivyojitahidi kutomtazama. Akafika mlangoni, akainua gambuti la kushoto la Vitalisi.

"Nachukua hili."

"La nini?"

"Nitakuwa natembea mchana sasa. Nikija mnisikie. Msije mkashtuka mkanilenga."

Akavaa gambuti mguu wa mbele, wa kushoto. Lilimfika kwapani. Akaniaga kwa kusema kwamba mume wangu ananuka miguu mpaka ukoo mzima wa mbweha unajua, akashika njia ya kichakani. Nikamsikia anavyokwenda: chwapu, halafu nyayo tatu nyepesi, halafu chwapu.

Kiazi kikanirudishia bega langu. Lilikuwa la baridi kidogo.

"Bunduki je?" nikauliza.

"Bega limeshachagua," kikasema. "Wewe ndiye hujachagua."

Nikaamka. Jua limeingia chumbani, na Vitalisi amesimama katikati ya mlango, amevaa koti la safari, suruali ameichomeka, mguu mmoja una gambuti na mwingine una soksi.

"Mama Fideli, gambuti langu moja umeliweka wapi?"

"Sijaligusa."

"Jana niliyaacha yote mlangoni. Nimepapasa mpaka chini ya ngazi. Halafu amka, Sista amezaa. Nimesikia vilio viwili, au mimi ndio nasikia vibaya."

Nilitoka na gauni la kulalia. Alfajiri ilikuwa imenyesha mvua nyepesi, ua umelainika. Bandani Sista alikuwa analamba vitoto viwili, vyote hai, kimoja kina utepe mweupe kama mama yake. Nilivigusa, nikavihesabu tena kwa furaha. Huko nyuma mbweha hakuwahi kutuachia mtoto hata wa kumpa jina.

Ndipo nikaona tope. Nyayo zilianzia mlangoni kwetu, zikapita kandokando ya banda bila kusimama, zikaelekea kichakani. Alama tatu za makucha, na ya nne ya soli ya mpira, mguu wa kushoto, namba ya Vitalisi.

Vitalisi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa tope, kwa sababu ya jicho lake.

"Mnyama gani anatembea hivi?"

"Mtani," nikasema.

Aliinuka akanitazama. Nilikuwa nimeshaingia jikoni, nikatoka na sahani yenye mifupa ya kuku wa jana, nikaiweka uani juani, mahali panapoonekana.

"Bunduki tunaenda kuchukua au hatuendi?"

"Hatuendi. Mpigie Fidelisi umwambie Sista ana watoto wawili, na ghorofa lake libaki huko huko lilikosogea."

Hakuelewa, lakini alitoa simu. Nami nikamwambia avue na hilo la kulia aliache mlangoni, maana mtani akija mchana asichechemee mbele za watu.