Gogo Chini ya Sahani

Lameck alimjua Kenani kabla hajashuka kwenye pikapu yake. Aliijua sauti. Ndiyo iliyosema makaburini, watu wote wakisikia, kwamba Hezroni alikufa kwa sababu ya pombe.

Hezroni alikuwa mdogo wake Lameck, na dereva wa Kenani. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akaagiza lori kuukuu la Ulaya na kuanza kubeba mchele na kokoa za Kyela kwenda Mbeya. Lori la Kenani lilikuwa la aina mpya machoni petu: sahani inayoshika tela haikukaa juu ya chuma kitupu, ilikalia puto mbili za mpira zilizojaa upepo, ili mishtuko ya barabara isiivunje. Siku moja, kwenye miteremko ya kushuka kutoka Tukuyu, sahani iling'oka na tela likakisukuma kichwa cha lori korongoni. Lameck alipofika aliona gogo limefungwa kwa waya mahali pa puto. Aliporudi na askari, gogo halikuwepo. Hezroni akazikwa bila kwaya, kama mlevi, na mama yao akaacha kwenda kanisani.

Sasa Kenani alisimama mbele ya gereji ya Lameck pale Njisi, karibu na mpaka, na lori jingine la aina ileile likiwa limesheheni mchele.

"Ugonile, fundi," alisalimu, akitazama pembeni. "Sahani inagonga. Yule fundi wangu amesafiri. Itazame upesi, wateja wananisubiri Mbeya."

Lameck alichukua kopo la maji ya sabuni, akaingia uvunguni. Ezra, dereva wa lori hilo, alimfuata. Lameck alipaka povu kwenye puto ya kulia kutafuta panapovuja. Halikutoa hata kiputo. Akageukia kushoto. Puto haikuwepo. Palikuwa na gogo, limefungwa kwa waya.

Sahani ilikuwa imelala upande, bolti mbili zimepasuka, na taya zinazobana pini ya tela hazikufunga sawasawa. Spana ilikuwa mkononi. Angelegeza bolti moja tu iliyobaki nzima, mchele wote wa Kenani ungelala korongoni, na Kenani angelia kama mama alivyolia. Aliiweka spana kwenye bolti. Kisha akasikia Ezra akipumua kando yake.

"Kaka, pakoje?" Ezra aliuliza.

Lameck aliondoa spana. "Tazama mwenyewe," alisema, akatoka.

Wachuuzi na madereva waliokuwa wakila kwenye kibanda cha jirani waligeuka waliposikia akipaza sauti.

"Mzee Kenani! Lori lako liko tayari. Lakini leo uliendeshe wewe mpaka Tukuyu."

"Mimi? Dereva si huyo?"

"Wewe uliwahi kuwa dereva. Na hujalewa. Panda."

Kenani alicheka kidogo, akamgeukia Ezra. "Washa gari, kijana."

Ezra alikuwa amesimama, magoti yamejaa vumbi. Alimwekea Kenani ufunguo kiganjani. "Chini kuna gogo, mzee. Mimi sipandi."

"Gogo, gogo!" Kenani alifoka. "Mbona Hezroni aliendesha na gogo hivyo hivyo, wala hakulalamika?"

Pale kibandani kijiko kiligonga sahani, na madereva wawili wakasimama. Kenani mwenyewe alifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Rudia," Lameck alisema.

Kenani aliliacha lori pale, akaondoka na pikapu yake kutafuta fundi na dereva mwingine. Habari zilimtangulia. Fundi wa Ipyana alisema ana homa. Madereva wa Kasumulu walimpa kisogo. Mvua za Kyela hazimsubiri mtu. Ziliingia chini ya turubai, magunia yakaanza kuota ukungu. Kila asubuhi Lameck alifungua gereji, akanusa mchele ukichacha, akanywa chai yake taratibu. Alipoulizwa kama haoni huruma, alijibu, "Bado."

Hatimaye Kenani alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini.

"Unataka nini, Lameck?"

"Useme kanisani, mbele ya mama yangu."

Jumapili Lameck alimshika mama yake mkono mpaka ndani. Kenani alisimama mbele, kofia mikononi, akasema kwa sauti iliyokatikakatika kwamba Hezroni hakuwa amekunywa kitu, kwamba gogo alilifunga yeye, na yeye ndiye aliyeagiza liondolewe. Alisema akilia. Lameck aliyahesabu yale machozi kuwa haki yake. Alifurahi, wala hakuona haya.

Nje, Kenani alipiga magoti mbele ya mama. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," mama alisema. "Kusamehe, bado. Kesho njoo tena uombe. Na kesho kutwa pia."

Kenani alimnyooshea Lameck mkono. Lameck akautazama, akafungua mwavuli juu ya kichwa cha mama yake, na wote wawili wakashika njia ya kwenda nyumbani.