Ngozi ya Ng'ombe Mwekundu

Damiani aliileta ngozi asubuhi, imefungwa nyuma ya baiskeli, akaitandaza uani kwa mama yake Jesca. Ndiyo desturi. Anayekutunzia ng'ombe hunywa maziwa, ndama ni wako. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi yenye chapa yako, na maneno yanaishia hapo.

Ng'ombe alikuwa wa Jesca. Marehemu baba yake alimpa akiwa ndama mdogo, siku Jesca alipochaguliwa kusomea udaktari wa mifugo. Mzee alimpiga chapa kwa mkono wake, Jesca ameshika mkia, kisha akampeleka kwa Damiani, rafiki yake tangu jandoni.

"Ugonjwa wa ghafla, mwanangu," alisema Damiani baada ya kuitikia shikamoo yake.

Jesca alimpa pole. Gerald, kaka yake, akasema ngozi ipelekwe sokoni kabla haijaoza, akashika ncha yake moja aikunje.

Jesca akamwomba asubiri. Akachutama, akapitisha kidole juu ya chapa, halafu akaigeuza ngozi upande wa nyama.

Chuma cha moto kikimuunguza mnyama aliye hai, seli zinazounganisha nyama hufika kwenye jeraha na kusuka nyuzi juu ya nyuzi, mpaka kovu linakuwa gumu, jeupe, lisiloota unywele. Mnyama akikua, kovu nalo hutanuka. Mfu hasukiwi kitu. Chapa ile ilikuwa masizi matupu. Chini yake ngozi ilikuwa laini, na mizizi ya manyoya ipo palepale.

"Mzee Damiani, huyu kapigwa chapa akiwa ameshakufa. Si ng'ombe wangu."

Damiani akacheka kidogo. "Kumbe huko chuoni mlifundishwa kuongea na ngozi."

Jesca alikuwa anaitazama alama yenyewe: mstari wake mmoja umepinda, kosa la mhunzi ambalo baba yake hakulirekebisha. Chuma cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, na kilitundikwa jikoni mwa mama yake.

Akaingia, akakitoa. Manyoya mekundu yaliyoungua yalikuwa yamegandia. Akakiweka juu ya chapa, kikakaa kama mfuniko kwenye chungu chake. Chapa ya ndama aliyekua ingekuwa imetanuka.

Damiani alikuwa ameacha kucheka. Nyumbani humo waliishi wawili tu: mama, ambaye macho yake hayaoni tena, na Gerald.

"Uko Kiomboi, una kazi yako," Gerald alisema, bado ameshika ncha ya ngozi. "Ng'ombe alikuwa wa nini kwako? Tulimpeleka mnadani Shelui."

"Tulimpeleka," Jesca alirudia.

Mama aliuliza kutoka kibarazani kama wageni wamekaribishwa uji. Jesca alikifunga chuma cha baba yake ndani ya kanga, akakitia mkobani. Ngozi aliwaachia.